Salamu Juu ya Mkanda

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka mpaka harufu yake: dizeli, unga wa udaga, na koti alilovaa babu yako, lililotoka kupigwa pasi. Naona umefurahi kwamba Jumatatu unaanza kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti kule Kasulu, na mama yako amekununulia shati jipya. Shati zuri, sikatai. Lakini kaa kidogo nikuambie jambo kabla hujalivaa.

Nilikuwa binti mbichi, nimeshachumbiwa na babu yako Bukuru, ambaye alikuwa anaendesha mashine ya kusaga pale Kibondo, nyuma ya soko. Mashine yenyewe ilikuwa ya Mama Gwimo, mjane mfupi mwenye sauti kubwa kuliko injini yake. Injini ilikaa upande mmoja wa chumba, kinu upande wa pili, na katikati ulipita mkanda mrefu, usawa wa kiuno, ukizunguka kwa kasi hivi kwamba mgeni angedhani umesimama. Ulikuwa na kifuniko chake cha wavu wa chuma. Kilifunguliwa siku ya kubadilisha mkanda, kikaegeshwa nje, halafu mtu akaona kinafaa kuanikia maharage. Basi kikawa cha maharage. Wala hakuna aliyeamua kukiacha huko. Kila mmoja alidhani mwenzake atakirudisha.

Siku hiyo baba yangu alikuja kusaga udaga, ile mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, nami nyuma yake na mzigo kichwani. Posa alikuwa ameipokea, lakini bado alikuwa anamchunguza Bukuru kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Alishasema wazi nyumbani: kijana asiyejua kusalimia hatamwoa binti yake. Nawe unajua salamu ya kwetu Uha si ya kupungiana mikono kwa mbali. Mbele ya mkubwa unainama, unatoa mkono wa kulia, wa kushoto unaushikilia kwenye kiwiko, kisha mnaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, taratibu, bila kuachiana.

Bukuru alijua mkwewe atapita. Ndiyo maana alivaa koti la kaka yake mkubwa, lenye mikono mirefu iliyomfunika mpaka vidole. Koti, kwenye mashine! Na mimi nilipomwona, badala ya kushtuka, nikasema moyoni, ee, huyu sasa ndiye mume.

Baba akasimama upande wa wateja, akanyoosha mkono juu ya mkanda.

"Mwakeye!" akaita salamu yetu ya asubuhi kwa nguvu, maana injini ilikuwa inanguruma.

"Mwakeye, data!" Bukuru akaitikia. Data kwetu ni baba, na alilitamka kwa heshima yote. Akainama, akapeleka mikono miwili mbele, mkono wa koti ukining'inia juu ya ule mkanda.

Mama Gwimo alikuwa anapepeta kwenye kona. Sikumwona akiinuka. Nilichoona ni ungo ukishuka kwenye mikono ya mchumba wangu, paa! Unga ukatimka, Bukuru akaangukia magunia, baba akarudisha mkono wake haraka. Ungo ukamponyoka yule mama. Mkanda ukaupokea, ukauvuta kwenye gurudumu, na kabla sijafunga mdomo, ungo mzima ulikuwa vijiti sakafuni.

Mama Gwimo akazima injini. Baba alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope.

"Mama Gwimo, umempiga mkwe wangu mbele yangu?"

"Nimempiga. Ulitaka umwoze binti yako kwa mtu wa mkono mmoja?"

Nilikasirika, mwanangu, wacha nikuambie ukweli. Nilitaka kumrukia yule mama. Lakini baba aliinama, akaokota kipande cha ukingo wa ungo, akakigeuza, akautazama mkono wa koti la Bukuru, akakitazama tena kile kipande. Hapo ndipo na mimi nikaelewa.

"Twende nje," baba akasema.

Nje kulikuwa na gogo la kukalia wateja. Wakakaa, baba akamnyooshea mkono. "Sasa nisalimie." Wakasalimiana, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, hakuna kilichosahaulika. Alipomaliza, baba hakumwachia mkono.

"Siku nyingine nikikukuta wakati mashine inazunguka, niambie ningoje."

"Nikuambie wewe ungoje, data?"

"Mimi. Habari za ng'ombe haziozi."

Akacheka kwa sauti, akaangusha unga kifuani. Tukacheka wote, hata Mama Gwimo aliyekuwa anautazama ungo wake kwa uchungu. Koti likavuliwa likatundikwa msumarini. Maharage yakahamishiwa kwenye mkeka, na wavu ukarudishwa pale pale, mkwe akikaza nati, baba akiushikilia. Kuanzia siku hiyo salamu zote zilitolewa kwenye gogo. Wageni walisema vijana wa mashine ile wana maringo, mpaka walipozoea, na gogo likang'aa kwa kukaliwa.

Siku ya harusi baba aliingia akicheza na ungo mpya kichwani, zawadi yake kwa Mama Gwimo. Na babu yako aliponishika kwa mikono yote miwili nililia. Watu walidhani nalilia kuondoka kwetu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukifika Kasulu, kabla ya kugusa chochote, zunguka uangalie nini kimetolewa mahali pake kikasahaulika. Mkanda usio na kifuniko usiukaribie. Sema, na usipojibiwa sema tena. Mashine ikikwama, zima kwanza, uhakikishe imesimama kabisa, ndipo uingize mkono. Mafuta yakimwagika, futa sasa hivi, maana wa kwanza kuteleza unaweza kuwa wewe mwenyewe. Moshi wa injini utoke nje, usikubali kufungiwa nao chumbani. Mikono ya shati ikunje mpaka juu ya kiwiko, hata kama mama yako atanuna. Simu ikiita, iache iite. Na akija mtu unayemheshimu, hata akiwa tajiri mwenye mashine, mwambie, "Ningojee kidogo, mzee." Heshima yako ataipata nje, nzima. Lakini ukimwona mwenzako anapeleka mkono kwenye hatari, usingoje adabu. Ungo ukiwa karibu, mpige nao.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe macho ya Mama Gwimo na kicheko cha baba yangu. Kazi yako ikulishe, isikule. Na ukirudi sikukuu, usinipungie kutoka barabarani. Njoo hapa kwenye kiti changu, uiname, unisalimie kwa mikono yote miwili.