Sauti ya Hali ya Juu kwa Mama Mkwe

Shahada sina, lakini masikio ninayo. Watu wote wa Chanika wanalijua hilo, maana nimewaambia mwenyewe. Mteja akija dukani kwangu kununua misumari akanikuta nasikiliza muziki, haondoki kabla sijamweleza kwa nini redio ya kwake ni makelele matupu. Mke wangu anasema ndiyo maana misumari yangu haiishi.

Kwa hiyo mama yake, anayekaa Mashewa, alipolalamika kwamba sauti ya marehemu mumewe imempotea, niliona kazi imempata mwenyewe. "Sura naikumbuka," alimwambia mke wangu, "ila sauti imenitoka kabisa. Naitafuta siipati." Mzee alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na kanda moja ya kwaya ile ilikuwa bado imo kabatini kwetu. Mke wangu akashauri tuazime redio ya kanda kwa jirani, twende nayo, yaishe. Kusema kweli nilikasirika. Kanda imechoka, inakwaruza, halafu ukamsikilizishe mama wa watu kwenye redio ya shambani? Niliipeleka kwa fundi mmoja Korogwe, nikamwambia ahamishe kila kilichomo, asiache hata pumzi. Akanitengenezea faili kubwa, la ubora wa hali ya juu kabisa. Na kile kimashine changu cha muziki, kidogo cha mfukoni ninachojivunia kwa watu, kikagoma kulifungua.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna apdeti. Waliokitengeneza walikuwa wametoa programu mpya ya ndani, na kazi yake hasa ilikuwa hiyo, kukiwezesha kufungua mafaili ya sauti ya hali ya juu. Jamani, nilifurahi! Nikapakua mpaka bando likakata. Kimashine kikazima, kikawaka, kikazima tena, mimi nimesimama pembeni kama mtu anayesubiri habari kutoka leba. Kilipowaka mara ya mwisho faili likafunguka, na dakika zikaanza kutembea kwenye kioo. Sikusikiliza. Nilisema wa kwanza kusikia awe mama mwenyewe, na niliona huo ni ustaarabu mkubwa.

Sasa, mkwe ni mkwe. Kwetu hukai mkeka mmoja na mama mkwe, humtazami usoni, na ukiongea naye unaongea chini chini, macho mlangoni. Naye vile vile, anainamisha kichwa na kukujibu, "Ndiyo, baba." Tumeishi hivyo tangu nioe, na sitanii nikisema kwamba katika ukoo ule wote alikuwa ni yeye peke yake anayenisikiliza hadi mwisho. Mashemeji zangu wakiniona naanza habari za muziki, ghafla wanakumbuka mbuzi hajafungwa. Mama hukaa.

Tulipofika Mashewa niliamkia nikiwa kizingitini, nikapewa kigoda karibu na mlango. Kumvalisha mama mkwe hedifoni kwa mikono yangu ni jambo lisilosemeka, kwa hiyo nilibonyeza wimbo uanze, nikampa mke wangu, naye akaenda kumchomekea mama yake masikioni pale mkekani. Mama akafumba macho. Akaanza kutikisa kichwa polepole. Mimi nikawa naeleza, kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa, jinsi muziki wa kawaida unavyokatwakatwa na huu usivyokatwa, na kwamba bila ile apdeti asingepata hata robo yake.

"Inasikika vizuri sana, baba," akasema. "Mungu akubariki."

Nilimtazama mke wangu ili aone mambo ya redio ya jirani yameishia wapi. Yeye machozi yalikuwa yameshamlenga. Akachomoa upande mmoja wa hedifoni naye amsikie baba yake, akauweka sikioni. Akakigeuza kimashine, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Humu hakuna kitu," akasema.

Apdeti ilikuwa imerudisha mipangilio yote mwanzo, na sauti nayo imekaa sifuri. Mke wangu akaipandisha, akaipandisha tena, mpaka akashtuka na kuziba mdomo. Baba yake huyo, na besi ile ile. Hata mimi kule mlangoni niliisikia ikivuja kidogo. Tukamgeukia mama. Alikuwa bado amefumba macho anatikisa kichwa kama mwanzo, kwa mwendo wake mwenyewe usiofuata wimbo wowote.

Wao wawili siku zote huongea uso kwa uso na kwa kupaza sauti, kwa hiyo mke wangu alidhani masikio ya mama yamepungua kidogo tu, mambo ya uzee. Akamshika bega, mama akafungua macho, naye akamuuliza tangu lini hasikii. Mama akataja harusi ya binti yake mdogo, ambaye sasa watoto wake wanasoma.

"Na mume wangu akikuongelesha, huwa unasikia nini?"

"Yule? Sijawahi kumsikia." Akajaribu kunong'ona, nyumba nzima ikasikia. "Lakini anapenda sana kuongea, maskini. Ningemkatishaje mkwe?"

Nilitazama mlango, kama desturi. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu, maana miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba Mashewa nina msikilizaji.

Mke wangu akamweleza kwa midomo na mikono kwamba anayeimba humo ni baba.

"Sasa hivi?" mama akauliza.

Sasa hivi. Mama akairudisha hedifoni ya pili sikioni, akazikandamiza zote kwa viganja, akangoja.

Jioni tulipoaga alikuwa bado amezivaa. Mke wangu alitaka kumvua, akakataa, akasema mkwe ataona vibaya. Betri ilikuwa imekwisha tangu mchana.