Koili za Orville Tackett

Darlene, fundi wa kampuni ya simu, alipobisha hodi kwa Orville Tackett mara ya kwanza, alitaka aonyeshwe koili zote, yaani vizingo vya waya vilivyofungwa kwenye laini ya simu ya Bonde la Laurel. Orville ndiye aliyezifunga ujanani, kwa kipimo, ili sauti isivurugike njiani. Sasa zilizuia intaneti.

"Nitakuonyesha, binti. Ila waya wa dada yangu Icie usiuguse. Masikio yake mabovu."

"Sawa, mzee, sitaugusa."

Lakini kampuni haikutaka hata koili moja ibaki. Darlene akang'oa zote, hata za waya wa Icie, akapewa kazi ya kaunti nzima.

Jumapili Orville akampigia dadake kama kawaida.

"Nani huyo anayeongea kama ana viazi mdomoni? Sielewi neno!" Icie akafoka, akakata simu.

Orville akarudisha mkonga wa simu. Jumapili iliyofuata hakupiga.