Nta, Sabuni na Kabureta ya Kwa Vonza

Nimewahi kutengeneza injini iliyokohoa kama mzee wa ugoro, na nyingine iliyolia kama mbuzi aliyesahauliwa nje ya boma. Lakini ile pikapu ya mfuga nyuki ndiyo peke yake niliyowahi kuona ikinywa petroli mpaka ikaitapika.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Gereji yangu pale Kwa Vonza ilikuwa mgunga mmoja, benchi la mbao, na sanduku la spana ambalo usiku nililifanya mto. Mimi ni mtoto wa upande wa Kathonzweni. Nilikuja Kitui kutafuta kazi, jioni nikaingia gumbaru, shule ya watu wazima, na nikatoka na cheti. Nilikitundika kwenye ule mgunga. Mbuzi walikula kona moja, na hata hivyo kilivuta wateja kutoka, nathubutu kusema, nusu ya Ukambani.

Mwenye pikapu alikuwa mzee mrefu aliyetundika mizinga mpaka kwenye miti isiyo yake. Aliniletea gari likikosa nguvu, nikafungua kabureta nzima. Niliisugua, nikaipuliza kila tundu, nikatia sindano mpya na gasketi mpya. Nilipomaliza iling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu mbele yake.

Lakini mtu aliyekuwa akiingoja kazi hiyo kwa roho juu hakuwa mzee. Alikuwa mama mwenyekiti wa mwethya, lile kundi la majirani wanaofanya kazi kwa pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Kiangazi chote akina mama wake walikuwa wamechimba mchanga wa mto wetu mkavu, wakaufuata mpaka kwenye mwamba, ili wajenge ukuta wa kuzuia maji. Mawe walishayabeba kwa migongo. Simiti ilikuwa stoo Kitui mjini, ikingoja pikapu hiyo. Na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujipanga. Mto ule ukishuka hauombi ruhusa. Ungejaza handaki mchanga kwa dakika chache, na kazi ya kiangazi ingerudi sufuri, na akina mama wangerudi kuamka alfajiri kuwafuata punda hadi maji ya mbali.

"Fundi," mama mwenyekiti aliniambia asubuhi hiyo, huku mkono uko kiunoni, "hii gari inaenda ama haiendi?"

"Inaenda, mwaitu. Leo itaruka."

Mwaitu ni mama, na ndivyo unavyomwita mwanamke wa heshima yake, hata kama si yeye aliyekuzaa.

Nikawasha. Injini ikanguruma, ikatoa moshi mweusi kama sufuria ya harusi, ikazima. Petroli ikaanza kumwagika ubavuni mwa kabureta, tiririri, mpaka chini. Mzee alikuwa na kiko mdomoni, nikamfukuza hadi ng'ambo ya barabara.

"Uliiharibu!" akapiga kelele akiwa huko ng'ambo. "Ilikuwa inakosa nguvu, sasa inakosa adabu!"

Akina mama wakacheka. Mimi sikucheka sana. Nilifungua tena. Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya dogo la shaba, jepesi, lisilo na kitu ndani. Petroli ikipanda, boya linapanda nayo, linaisukuma sindano ikazibe mlango. Petroli isipozibwa, ama mlango una uchafu, ama sindano haikai, ama boya limezama. Mlango ulikuwa safi. Sindano ilikuwa mpya, nikaipima kwa kuipulizia kwa mdomo, ikashika. Nikachukua boya nikalitikisa sikioni, vile mtu anavyotikisa yai analolitilia shaka.

Cho-cho-cho.

"Mwaitu, njoo usikie. Boya limekunywa."

Akalisikiliza, akampa mzee, mzee akalisikiliza, mpaka akina mama wote wakalisikiliza kama redio. Nikalitumbukiza kwenye bakuli la maji moto ya chai, mbali na jiko, na hapo hapo kamba ya vipovu ikatoka ubavuni. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano ya kushonea! Uchafu wa miaka mingi ndio uliokuwa umeliziba, na mimi kwa usafi wangu nilikuwa nimemfukuza mlinzi. Nikaliacha mle mpaka petroli yote ikatoka kwa vipovu, nikalitikisa. Kimya.

Sasa kuziba. Fundi wa kuziba shaba kwa risasi ya kuyeyusha alikuwa mjini Kitui, na mjini ndiko tulikoshindwa kufika. Mzee akapiga paja.

"Na kibuyu kikipasuka, nyinyi mnaziba na nini?"

"Nta!" wakajibu akina mama kwa sauti moja, kama kwaya.

Hakuna aliyepinga, na mimi nilikuwa wa kwanza kukubali. Ukambani kibuyu cha uji, mzinga, hata mpini uliolegea, vyote vinatibiwa kwa nta ya nyuki. Mzee akatoa donge mfukoni, maana hakutembea bila nta kama vile wengine hawatembei bila kitambulisho. Akaipasha moto kiganjani, tukaipaka, ikakauka, tukafunga kabureta. Injini ikashika mara moja ikaimba kwa upole, na akina mama nao wakaimba kwa nguvu kuishinda. Tukapanda: mzee kwenye usukani, mama mwenyekiti ubavuni kwake, mimi na akina mama wachache nyuma. Nilisimama nimeshika bodi, kifua mbele, mithili ya gavana anayekagua wilaya.

Tulikuwa tumekaribia nusu ya njia, kwenye kilima, wakati ugavana wangu ulipokwisha. Moshi mweusi, kikohozi, kimya. Nilipofungua boneti, petroli ilikuwa inatiririka tena.

Mama mwenyekiti alishuka. Hakunitazama mimi. Alitazama mashariki, ambako mawingu yalikuwa meusi sasa.

"Ikinyesha huko juu leo," akasema polepole, "mto unatufikia kesho."

Nikafungua bakuli la kabureta, na kilichonifikia kwanza ni harufu. Petroli ilinuka asali! Juu yake kulikuwa na ukungu wa njano, na sindano ilikuwa inanata. Nikatazama boya: nta hakuna, imeyeyuka yote.

Nikakaa chini kando ya barabara nikacheka mpaka mzee akadhani nimerukwa na akili.

"Mzee, ukitoka kurina asali, mikono imejaa nta, unaosha na nini?"

"Si ni mafuta ya taa tu," akajibu kwa hasira. Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

"Sasa petroli ni nani kwa mafuta ya taa?"

"Ndugu yake," akasema mama mwenyekiti. "Ndugu mkubwa, tena mkali." Akawageukia wenzake. "Haiya! Sisi sote tunajua hiyo, na sote tukasema nta!"

Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa ametoa nta mikononi kwa mafuta ya taa tangu utotoni, na kila mmoja alikuwa ameshangilia. Lakini swali lenyewe lilikuwa limenipa jibu. Kama nta inatolewa kwa mafuta, basi tulihitaji kitu ambacho mafuta hayakiwezi, kitu kinachotolewa kwa maji peke yake.

"Sabuni!" nikaruka. "Nani ana sabuni?"

"Fundi anataka kuoga," mama mmoja akasema nyuma.

Mbele kidogo palikuwa na kibanda cha chai. Nilikimbia huko kwa mwendo ambao swala wa Makueni angeuonea wivu, nikarudi na birika la maji moto na kipande cha sabuni ya kufulia, ile ngumu iliyokauka juani. Nikalitoa boya petroli kwa maji moto kama mwanzo, nikalifuta, nikaliacha likauke. Kisha nikaisugua sabuni juu ya lile tundu, nikaikandamiza kwa ukucha mpaka ikaingia, nikapaka tena, nikapangusa ziada ili boya lisiwe zito. Sindano niliiosha mpaka ikaacha kunata.

Nikafunga. Mzee akashika ufunguo lakini hakuuzungusha.

"Fundi, kama hii ni mchezo..."

"Washa, mzee."

Akawasha. Injini ikakohoa mara moja, kwa aibu, kisha ikakaa sawa. Nikainama ubavuni mwa kabureta nikangoja tone. Akina mama walinizunguka, wakainama nami. Tone halikuja. Mzee akakanyaga mafuta, gari likanguruma hadi ndege wakahama, na bado kavu. Kavu kama ule mto!

"Pandeni!" mama mwenyekiti akapaza sauti. "Gari limeoga!"

Tulifika Kitui, tukapakia simiti mpaka springi zikalia, tukarudi kwa kile kile kilima, na sabuni ikashika. Akina mama walikuwa wakingoja mtoni na mchanga na mawe tayari. Walichanganya, wakapokezana karai mkono kwa mkono, wakaimba, na mimi mwenye cheti nikapewa koleo kama mtu yeyote. Ukuta ulipofika usawa wa kingo, mikono yangu ilikuwa haifunguki.

Mvua ilituheshimu kidogo. Ilingoja mpaka simiti ikashika, kisha ikaja na deni lake lote. Mto ulishuka usiku ukinguruma kuliko malori yote ya Kenya, na alfajiri tulikimbia kuutazama. Ukuta ulikuwa pale pale. Maji yalipita juu yake kwa heshima, na nyuma yake mchanga ulikuwa umelala, umelowa, umeshiba. Mama mwenyekiti alishuka, akachimba kwa mikono shimo lisilozidi kiwiko, akangoja maji yakajaa, akachota kwa kibuyu. Kabla ya kunywa alikigeuza akakitazama chini, pale palipozibwa nta.

"Hii ni maji tu, si petroli," akaniambia. "Hapa nta iko kwao."

Akanywa, akanipa.