Siku Mjane Alipokwenda Hafla

Hospitali ndogo ya nyuma ya mfereji ilikuwa na mashine mbili za kuwasafisha damu watu wenye figo zilizokufa. Moja ilikuwa nzima. Nyingine iliharibika zamani, na wafanyakazi, kwa kuwa kicheko hakikatwi kodi, waliipa jina la Marehemu, na ile nzima wakaiita Mjane. Marehemu alisukumwa pembeni, ubavu wazi, nyaya zimemtoka kama utumbo wa kuku, na juu yake palianikwa matambara. Mjane alikuwa na wagonjwa wanne: wawili Jumatatu na Ijumaa, wawili Jumanne na Jumamosi. Jumatano, Alhamisi na Jumapili alipumzika.

Aliyemfuta Mjane kila asubuhi alikuwa mama wa usafi, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Dekio. Shule aliiacha mapema, lakini jicho lake halikusinzia. Alijua mgonjwa yupi atatapika kabla mwenyewe hajajua, na mlango upi haufungi mpaka uuinue kidogo. Usiku alikagua kufuli mara mbili, kisha akarudi mara ya tatu kuuliza kama alikagua. Watoto wake walimcheka. Yeye alisema, acheni nichekwe, siku moja mtashukuru.

Mmoja wa wale wanne alikuwa mama mkwe wake, Bi Mkubwa, mgonjwa wa Jumatatu na Ijumaa. Figo zake zilikufa, ulimi ukabaki mzima.

Ulimi huo Mama Dekio aliujua tangu mwezi wa pili wa ndoa. Walikuja wageni, naye kwa haraka ya ubibi harusi akampa mmoja wao chai katika kikombe chenye ufa. Bi Mkubwa alikinyanyua kile kikombe, akakizungusha mbele ya macho ya wote, akasema, "Tazameni tulichooa." Chai akaimwaga uani. Kisha akamgeukia bibi harusi: "Mgeni hapewi chenye ufa. Chenye ufa ni chako wewe."

Kikawa chake kweli. Miaka ishirini na miwili alikinywea, kikaning'inia kwenye msumari wake jikoni, na cha ajabu hakikuvunjika. Vikombe vizima, vile vya sahani zenye maua, vilikaa kabatini, na ufunguo ulikaa kiunoni mwa Bi Mkubwa.

Sasa mwaka huo gazeti liliandika kwamba watu wa nyuma ya mfereji, ambao ni wachache na husemwa kwa lafudhi yao na kwa kila kitu chao, hufa kwa figo na presha mara mbili kuliko watu wa mjini. Mji ukashika kichwa. Ikaundwa kamati, na mwimbaji maarufu, yule wanayemwita Chiriku, akakubali kuwa mlezi wa hafla kubwa ya kuchangisha ili pengo hilo lizibwe. Nyuma ya mfereji watu walifurahi. Daktari mkuu alianza kwenda mjini kila siku kwa mikutano, na akashona suti.

Jumatano asubuhi gari la kamati liliingia. Akashuka mratibu wa hafla, mwanamume mnene anayenukia marashi, barua mkononi.

"Mama, habari za kazi? Tumetumwa mashine moja ya figo."

"Nzuri, baba. Mashine ipi?"

"Yoyote. Ni ya kusimama jukwaani watu waione. Haiwashwi."

Sista wa zamu alikuwa chumba cha pili na mzazi aliyekuwa akisukuma. Akapaza sauti kutoka huko, "Mama Dekio, wape hao! Daktari ameshaniambia!"

Basi Mama Dekio akabaki peke yake na mashine mbili. Alimtazama Marehemu. Akamwona kwa macho ya mawazo chini ya taa kali, mende wakimtoka ubavuni mbele ya mabwana na mabibi wenye hariri, na mji mzima ukisema: si tuliwaambia? Wale ukiwapa kiti kipya asubuhi, jioni kina kunguni. Shingo ikamchoma kama vile Bi Mkubwa amesimama nyuma yake.

"Inarudi lini?" aliuliza.

"Kesho kutwa, Ijumaa, kabla hamjafungua mlango."

Aliuliza tena, maana yeye ni mtu wa kuuliza mara mbili. Akajibiwa vilevile. Ndipo akachukua mswaki wa zamani, akasugua magurudumu ya Mjane, akampangusa kwa spiriti mpaka akang'aa.

"Mchukueni huyu."

Mratibu akamtupia jicho Marehemu, akacheka. "Mama, una roho ya ukarimu. Hilo jingine hata mimi ningelionea haya."

Alhamisi jioni familia ilikusanyika mbele ya televisheni: Mama Dekio, mumewe dereva wa lori, watoto, wifi yake aliyekuja na karanga zake, na Bi Mkubwa kwenye kochi, miguu imevimba juu ya stuli. Chiriku alitokea na gauni lenye mkia wa kubebwa na watu wawili. Akaweka kiganja juu ya mashine, machozi yakamdondoka.

"Fikirini, ndugu zangu. Huko nyuma ya mfereji mama wa mtu anakufa kwa kukosa kitu kama hiki!"

"Ngojeni, ngojeni," Bi Mkubwa akainuka kidogo. "Hiyo si yangu? Ule mkwaruzo naujua. Nautazama saa nne nzima mara mbili kwa wiki, sina mwanamume niliyemtazama hivyo."

"Ndiyo hiyo, mama," mwanawe alijibu.

"Mbona inang'aa kama imeposwa? Nani kaifuta?"

"Ni mimi, mama," alisema Mama Dekio.

Bi Mkubwa alimgeukia. "Leo umetusitiri, mkamwana. Leo umejua kupokea watu."

"He! Mama kasifu!" wifi alipiga kofi paja lake. "Tegeni ndoo nje, leo mvua ya mawe inakuja."

Mama Dekio aliinamisha kichwa ili wasimwone uso. Miaka ishirini na miwili.

Kisha ukaanza mnada. Ikauzwa picha, ikauzwa saa, halafu mwenye mnada akaigonga mashine ubavuni: nayo inauzwa. Tajiri mmoja wa saruji akainua mkono, akaongeza, akaongeza tena, akainunua. Akasimama, akatangaza kwamba haibebi: anaitoa zawadi kwa hospitali ya nyuma ya mfereji! Ukumbi mzima ukasimama.

"Anatuzawadia mbuzi wetu na kamba yetu!" Bi Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Wote walicheka. Mama Dekio naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia kabla ya wengine.

"Kwani kesho itarudi?" aliuliza.

"Zawadi si huletwa?" mumewe alisema.

Ijumaa asubuhi chumbani palikuwa na alama nne za magurudumu sakafuni, na Marehemu. Bi Mkubwa alikaa benchi, pochi mapajani. Sista akapiga simu, akaiacha sauti wazi ili wote wasikie.

"Sista, hiyo mashine sasa ina mwenyewe," alisema mratibu. "Haiwezi kurudi kimyakimya kama kiti cha kuazima. Lazima ikabidhiwe. Jumanne."

"Kuna watu hapa, kaka. Leo ni siku yao."

"Na Chiriku nafasi yake ni Jumanne. Nifanyeje mimi?"

Daktari mkuu alipotafutwa alisema wasiwaudhi wafadhili. Wakampeleka Bi Mkubwa hospitali kuu ya mjini kwa gari la kukodi. Karani wa dirishani hakuinua hata kichwa.

"Wa nyuma ya mfereji? Si mmepewa mashine jana? Nchi nzima imeona. Tuachieni na sisi hizi zetu."

Mgonjwa mwenzake wa Ijumaa alikuwa na binamu mlinzi pale, akapenyezwa. Bi Mkubwa hakuwa na binamu.

Jumamosi uso ulimvimba, pumzi ikawa fupi. Alitaka maji, na maji ndiyo yangemuua. Mama Dekio alifungia mitungi chumbani, akalowesha kitambaa na kumpangusa midomo.

"Unaninyima maji katika nyumba yangu."

"Nisamehe, mama."

"Marehemu yupo pale?"

"Yupo."

"Kwa nini hawakumbeba yeye? Si walitaka kitu cha kutazamwa tu?"

Neno lilimfika Mama Dekio mpaka kwenye meno. Akalimeza. Alikamua kitambaa.

"Sijui, mama."

"Basi yupo mpumbavu aliyewaonyesha Mjane," Bi Mkubwa alisema, akivuta pumzi kwa shida. "Mungu ampe anachostahili. Wewe unajua kuuliza. Niulizie ni nani."

"Nitauliza."

Jumapili kabla ya adhuhuri alikata roho. Jumatatu walimzika. Ufunguo wa kabati ukahamia kiunoni mwa wifi.

Jumanne Mama Dekio aliitwa kazini. Daktari mkuu alimwambia mama mkwe si wa damu yake, na leo ni siku ya usafi kuliko zote. Uani palikuwa na hema, viti vilivyovishwa vitambaa, na Mjane katikati, amefungwa utepe mwekundu tumboni, na kibao kipya kimepigiliwa: ZAWADI. Kwa misumari hiyo, sista alinong'ona, na kwa kuvutwavutwa huku, hakuna wa kumwasha mpaka fundi aje, na fundi anakuja wiki ijayo.

Chiriku aliomba kukutana na familia iliyofiwa. Mume wa Mama Dekio na dada yake wakasimamishwa mbele. Chiriku alimkumbatia wifi mbele ya kamera.

"Pole, dada yangu. Laiti mashine hii ingefika mapema!"

Wifi alilia kwa uchungu wa kweli. Watu wakafuta macho. Ndipo mratibu akashika kipaza sauti kutoa shukrani: tajiri wa saruji, kamati, wapishi, na macho yake yakatua nyuma, kwenye ndoo.

"Mama yule! Njoo, mama, usione haya! Mabibi na mabwana, huyu ndiye shujaa wetu. Siku ile nilimwambia nipe yoyote, hata bovu lilikuwepo pale pale, nami ningelichukua. Yeye kwa mkono wake akanichagulia nzima! Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Chiriku akambusu shavu hili na hili. Juu ya bega la mwimbaji Mama Dekio alimwona wifi yake anapiga makofi pamoja na watu, moja, mbili, tatu. La nne mikono haikukutana. Mumewe alikuwa akitazama viatu vyake.

Aliokota chupa na vitambaa mpaka hema likashushwa. Hakuna aliyemharakisha. Njiani alitunga maneno, akayatunga upya: alisema Ijumaa, niliuliza mara mbili, mwulizeni mwenyewe, niliuliza mara mbili.

Alipoingia, mumewe na wifi walikuwa mezani. Kabati lilikuwa wazi. Alitupa jicho jikoni, kama kawaida yake ya kukagua: msumari ulikuwa mtupu, na vigae vya kikombe chake vimefagiwa vizuri pembeni mwa mlango.

"Wifi," alianza, "mimi niliuliza mara..."

"Kaa kwanza."

Wifi alitoa kabatini kikombe kizima chenye sahani ya maua, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akamimina chai. Akamwekea mbele kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu, mgeni," alisema. "Kunywa. Kwenu ni mbali."

Mumewe alikuwa akikoroga chai yake. Aliendelea kukoroga.