Mzee Aliyeniuliza Nitarudi Lini

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sina homa wala sijalewa. Mume wangu Beda ni shahidi, ingawa ushahidi wake haukunisaidia kitu.

Mimi napenda kulenga shabaha. Ndiyo, mwanamke, muuguzi, mama wa watu, nina leseni ya bunduki na nikipata nafasi naenda kutoboa makopo. Wenzangu kanisani washanisema wakachoka. Nilichokosa ni bunduki ya moyo wangu: ndogo, ya risasi nyembamba, ya zamani, ile yenye wenzo wa chuma chini ya kifyatulio. Unausukuma chini, unaurudisha juu, risasi nyingine imeshaingia. Za siku hizi plastiki tupu, ukishika unaona umeshika toi ya mtoto.

Nikaiona mtandaoni, muuzaji yuko Mississauga, huku huku Kanada tunakoishi. Nilipompigia, alisikia sentensi moja tu ya Kiingereza changu, akanigeuzia Kiswahili: "Wewe wa Tanganyika. Njoo Jumapili." Nikafurahi jamani. Nikasema huyu wa kwetu, hatanilangua.

Beda alinipeleka kutoka Rexdale, akabaki kwenye gari. Yeye bunduki anaiogopa hata ikiwa kwenye picha. Nikapiga hodi, sauti ikajibu karibu, nikaingia, mlango ukajifunga nyuma yangu. Ndani kulikuwa na mzee wa Kihindi, Mgoa, amevaa suti ya kijivu na soksi bila viatu. Shikamoo, marahaba, kaa mwanangu. Alizaliwa Moshi, aliniambia, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, hakijachanganywa hata neno moja la Kiingereza. Bunduki ilikuwa mezani. Nikashusha wenzo, nikachungulia ndani: tupu, hakuna risasi. Mti wake umelainishwa na viganja vya watu, wenzo unateleza bila kukwama popote. Niliitaka pale pale.

"Chai kwanza," akasema. "Biashara baadaye."

Nikanywa. Tukaongea habari za Moshi, za baridi, za watoto wasiokuja kuwaona wazazi wao. Nikauliza bei, akanimiminia kikombe cha pili. Nikauliza tena, akaniuliza ukoo wangu. Ndipo nikatazama dirishani. Jua lilikuwa pale pale kwenye kona ya zulia, kama nilivyolikuta nilipoingia. Na chai niliyoiacha muda wote ule ilikuwa bado inafuka mvuke.

Nikasimama, nikasema kama nilivyolelewa: "Mzee, naomba ruhusa niende. Mume wangu ananisubiri."

"Mapema yote hii? Kaa."

Nikakaa. Unaniuliza kwa nini nilikaa? Umeomba ruhusa, umenyimwa, wewe ungefanyaje? Nikaomba tena, akasema bado. Nikaona heri nionekane sina adabu, nikaenda mlangoni. Kitasa kilizunguka vizuri kabisa, mlango haukufunguka. Nikavuta mpaka bega likauma.

"Sijakuruhusu, mwanangu," akasema nyuma yangu.

Niamini, bunduki haikunitisha. Hakuigusa hata mara moja. Kilichonitisha ni ule upole wake, kwa sababu mtu mpole kiasi kile hana haraka.

Ndipo nikasikia viatu vya Beda barazani. "Hodi," akasema. Mzee akanitazama, hakumwitikia karibu. Nikapiga kelele, "Beda, niko humu, fungua!" Kilichotutenga ni ubao wa mlango tu. "Hodi wenyewe," akasema tena, kana kwamba sijatamka kitu. Akapiga ya tatu. Halafu nikasikia viatu vinarudi kwenye gari. Mpaka leo tunagombana kwa ajili ya zile hodi. Yeye anasema, "Ulitaka niingie nyumba ya watu sijakaribishwa?"

Nililia, sitakuficha. Niliona nitakaa kwenye kile kiti mpaka nife, kama kufa kupo mle ndani. Ndipo nikasema neno ambalo sote tunalisema tukiaga, bila hata kulifikiria.

"Mzee, niruhusu tu. Nitarudi."

Akainua uso. "Lini?"

Sasa nani huuliza lini? Maishani mwangu sikuwahi kuulizwa. Nikatazama nje, majani yalikuwa yameanza kuwa ya njano, nikasema kilichonijia: theluji ya kwanza ikianguka.

"Haya. Karibu tena. Bunduki utaichukua ukija."

Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja.

Nje, jirani alikuwa anakusanya majani, mama mtu mzima, Mgoa wa Nairobi. Aliponiona natoka mle, akaacha kazi yake. Hakuniuliza nina nini. Aliniuliza, "Ulimwambia unarudi lini?" Akaniambia mzee yule alikufa kitambo, na watoto wake bado wanabishania nyumba. "Mimi nilimwambia nitakuja kila Jumapili," akasema. "Nilidhani ni adabu tu." Akatazama saa yake, akaegemeza reki ukutani, akaenda kupiga hodi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, niliapa siendi ng'o. Asubuhi ile nilikuwa bafuni kwetu, ghorofani Rexdale. Nikataka kutoka, kitasa kikazunguka, mlango ukagoma. Beda akaja na bisibisi, akang'oa kitasa chote, mlango umesimama vile vile. Bafu zima likaanza kunuka chai ya tangawizi. Nilikaa mle mpaka nikachoka kulia, nikasema, "Mzee, nakuja." Mlango ukafunguka.

Tangu hapo naenda kila mwaka. Chai ni ya moto, bunduki iko mezani, na mzee haniachi niondoke mpaka niahidi tena. Nikisema sirudi, ananimiminia kikombe kingine. Sijawahi kuinunua ile bunduki, na sasa hata kuiona sitaki.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiaga nyumba usiyoijua, sema kwaheri, basi. Usiahidi kurudi ili kupendeza watu. Na ukiulizwa lini, usijibu.

Leo wingu limeshuka mpaka kwenye madirisha ya ghorofa za juu, theluji ya kwanza imeanza, na Beda ameshawasha gari. Safari hii anasema ataingia na mimi, hawezi tena kusimama nje akipiga hodi. Nimemkatalia, nimemlilia, hasikii. Namjua mume wangu. Yeye kila anayemuaga humwambia tutaonana kesho.