Upindo wa Suruali ya Bwana Futi

Wifi yangu hasalimiani na mtu kabla hajasalimiana na kola yake. Unamletea furushi, umesimama mlangoni unasema habari za leo, yeye tayari ameshageuza shati la juu, amelisogeza dirishani penye mwanga, anasoma shingo. Akimaliza ndipo anakuitikia, na ataitikia kulingana na alichosoma. Ndiyo maana watu wakamwita Bi Kola, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwa wanaomdai undugu.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni dobi. Mimi ni fundi cherehani. Tunafanya kazi chumba kimoja: meza yake ya pasi iko dirishani, cherehani yangu iko mlangoni, katikati kuna kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mawifi wawili wanakaa, ilimradi mmoja akubali kunyamaza, na kwa kuwa kwetu hajapatikana wa kukubali, hatujawahi kununua redio.

Imani yake kwa nguo ina chimbuko. Zamani alikuwa na mume, fundi wa kupasua mbao. Jioni moja akageuza shati la bwana, akatafuta unga wa msumeno kwenye mikunjo ya mikono, hakuuona. Kesho yake hakuuona tena. Hakuuliza neno. Alimfulia nguo zake zote, akazipiga pasi, akazifunga vizuri kama za mteja, akaziweka mlangoni. Baadaye ndipo tukajua kwamba kazi ya mbao jamaa aliiacha kitambo, na kila asubuhi alikuwa akiamkia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili.

"Nguo haina mdomo, wifi," huniambia, "lakini haina uongo."

Ila madobi wana mwiko wao. Alichokiona kwenye nguo, dobi hamwambii mwenye nguo. Doa ni la mwenyewe. Dobi atakayekwambia usoni alichokikuta kwenye shingo yako, kesho hutampelekea hata soksi. Anaweza kunong'ona na dobi mwenzake, hilo halina dhambi kwao, lakini kwa mwenye nguo ni kimya na tabasamu. Mwiko huu ushike, maana ndio ulioleta balaa.

Nguo wanafulia mtoni. Mto wetu si wa kupigwa picha. Kwa miaka mingi mji uliupa mgongo, kila nyumba ikaelekeza choo chake huko, ukajaa matairi, magugu na mizoga ya viti. Lakini kwenye kona ya chini, karibu na ghala lililobomoka, kuna chemchemi inayotoka chini ya mwamba, maji safi mpaka unaona kucha zako. Hapo ndipo madobi wote wanapofulia, juu ya mawe bapa, na waya zao za kuanikia wamezifunga kwenye nguzo za chuma za lile ghala. Ubaya wa kona hiyo ni tope. Ni jeusi, laini kama masizi, likishika upindo wa suruali linataka brashi na subira.

Siku moja tukakuta ubao mkubwa umesimamishwa kando ya daraja. Mji unataka kuufufua ukingo wa mto uwe wa watu wote. Kwenye ubao kulikuwa na picha ya njia ya kutembelea, viti, miti, bembea za watoto na watu wamejaa wanacheka. Wenzetu walifurahi. Bi Kola alisimama mbele ya ile picha kama anayesoma kola.

"Nimetafuta ndoo," akasema, "sijaiona. Watu wote hapa wamevaa nguo safi. Nani kawafulia?"

Mkuu wa kazi ile alikuwa kijana wa miwani, mpole, hatembei bila futi ya kupimia. Tukamwita Bwana Futi. Aliwakusanya madobi pale mtoni akawaambia kona ya chini itabaki ya kufulia. Atawajengea vibao vya saruji, paa, mfereji wa maji machafu na waya mpya. "Kona nimeipima mwenyewe," akasema. "Ninachowaomba ni kutoa waya na mabeseni yenu mashine ipite. Ni kwa muda tu."

Hapo kwenye "kwa muda" ndipo alipoharibu. Wauza mboga waliondolewa stendi kwa muda, wengine wamezeeka na muda haujaisha.

"Baba," Bi Kola akamwambia kwa upole wa pasi ya moto, "hiyo kona unayoisema, umeifika?"

"Nimeifika, mama."

"Haya."

Wiki haikuisha, Bwana Futi akatuletea nguo. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya shule, anaishi peke yake. Bi Kola alipokea furushi kwa mikono miwili. Kijana alipotoka tu, mashati akayaweka kando, akaenda moja kwa moja kwenye suruali za kaki. Akazikagua zote, chini mpaka juu, juu mpaka chini.

"Wifi, njoo uone. Kiunoni jasho, magotini vumbi. Pindo je?"

Pindo zilikuwa safi.

"Huyu hajawahi kukanyaga kona ya chini. Anapima kutoka kwenye kiti."

"Si umuulize?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avae nguo ya mteja. "Niwe dobi wa kuwauliza watu madoa yao? Tena doa lenyewe halipo?"

Kwa hiyo hakumuuliza. Akamrudishia suruali zimenyooka, akamwambia karibu tena, halafu akaenda mtoni kunong'ona. Alianza na Kipara, mwanamume pekee kati ya madobi, na Kipara ukimnong'oneza ni sawa na kupiga kengele. Kabla ya mchana kila beseni lilikuwa linajua kwamba Bwana Futi ni mwongo, kona hajaiona, na anayetoa waya zake leo atazirudisha kaburini.

Mashine ilipokuja iliwakuta wamekaa. Bi Kola alikuwa mbele, juu ya jiwe lake, anafua shuka ambalo nina hakika lilikuwa safi tangu jana. Dereva akazima. Bwana Futi akasihi mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Mama zangu, mkuu wangu amechoka. Amesema ikifika Ijumaa kona haijawa wazi, anaifuta kwenye ramani. Chemchemi itaingizwa kwenye bomba iende bustanini, na hapa patafukiwa. Mimi sitakuwa na la kufanya."

"Tishio hilo," akasema Kipara.

"Mwanaume akiishiwa hoja hutaja mkuu wake," akasema Bi Kola, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemtazama yule kijana usoni, na uso wake haukuwa wa mtu anayetisha.

Jumatano nguo zake nyingine zilikuwa tayari. Bi Kola hakutaka hata kuzigusa, nikazibeba mimi. Nilipiga hodi, nikasikia karibu kutoka uani. Nikamkuta Bwana Futi amechuchumaa mbele ya beseni, amevaa kikoi, anasugua kwa brashi ya viatu. Maji ya beseni yalikuwa meusi tii.

Aliniona akataka kulificha beseni kwa mwili. Beseni kubwa, kijana mwembamba.

"Unafanya nini, baba? Dobi si unaye?"

"Samahani, Mama Cherehani. Hizi ni pindo tu. Lile tope la kule chini kwenye chemchemi ni baya sana. Naona vibaya kumpa mama wa umri ule nguo ya namna hii. Naanza kuzisugua mwenyewe chini, halafu naleta."

"Kila mara?"

"Kila mara. Mama yangu naye alikuwa anafulia watu."

Nilirudi mbio, na mimi si mtu wa kukimbia. Nikamweleza Bi Kola neno kwa neno. Alisikiliza huku anapiga pasi, hakusimamisha mkono.

"Amekuona unakuja, akachota tope akaanza kusugua."

"Alikuwa kanipa mgongo, wifi."

"Mwanamume gani anasugua pindo zake mwenyewe na dobi yupo?"

"Huyo mdogo wako niliyeolewa naye hatasugua, hilo nakubali. Lakini huyu anasugua."

Halafu akaiweka pasi kwenye kisahani chake. "Ile suruali yake moja haijakwenda. Ile uliyobaki nayo kwa ajili ya zipu. Ilete."

Nikaileta. Akaipindua, akainusa, akapitisha kidole. Safi. Akanisogezea.

"Fumua upindo."

"Wifi, hii ni nguo ya mtu."

"Utaushona tena. Fumua."

Nikachukua wembe, nikakata uzi mmoja mmoja. Upindo wa suruali ya kaki umekunjwa mara mbili; brashi hufika nje, ndani haifiki. Nilipoufungua ukaanguka mezani kwangu, juu ya kitambaa cheupe cha sare ya shule, mstari mweusi wa tope lililokauka. Laini kama masizi. Nikafumua mguu wa pili, lile lile, na ndani ya tope kulikuwa na jani dogo la yale magugu ya chemchemini.

Bi Kola alikaa. Sijamwona akikaa mchana tangu alipohamia kwetu. Alilichukua lile tope kwa ncha ya kidole, akalisugua kwenye kiganja, akalitazama dirishani. Nilitegemea aseme neno. Nilikuwa nimeliandaa hata jibu lake.

"Nilisoma nje," akasema. Basi.

Alhamisi asubuhi alikwenda mtoni na koleo, akaanza kufungua waya zake. Kipara akamuuliza anafanya nini. Akamwambia kijana alikuwa mkweli, kona ameifika, tutoe waya.

"Juzi alikuwa mwongo," akasema Kipara, "leo mkweli. Katikati hapo umekula nini, Bi Kola?"

"Nimeona upindo."

"Upindo huo huo tulioambiwa ni msafi?"

Wengine wakaguna. Mwanamke mmoja, ambaye Bi Kola ndiye aliyemfundisha kuchemsha shuka, alimshika kola ya gauni, akaigeuza, akaitazama juani. "Hebu tuone kama kuna mafuta mapya," akasema. Kicheko kikaenda mpaka ng'ambo.

Mimi kwa ulimi wangu ningewapa zao pale pale. Bi Kola aliinamisha shingo mpaka mwenzake alipomaliza kuisoma. Shaka aliipanda mwenyewe kwa mkono wake. Alijua haivunwi kwa siku moja. Alikunja waya zake zote. Halafu akaingia chini ya waya za wenzake, akazifungua moja baada ya nyingine, akizikunja vizuri na kumwekea kila mtu miguuni pake. Mikono ikaanza kumtoka damu. Walimtukana mpaka wakachoka, lakini hakuna aliyemshika mkono kumzuia. Jua lilipotua nguzo zilikuwa tupu. Kipara alichukua waya zake akasema kona ikipotea, yeye na watoto wake watahamia mezani kwetu, tule nao.

Ijumaa mashine ikapita. Jumamosi kona yote ikazungushiwa mabati marefu.

"Mabati ni ya kuficha," akasema Bi Kola. Chai ya asubuhi ilikuwa haijapoa na imani ilikuwa imeshapoa. Kila siku alipita pale akatafuta tundu. Hakuna tundu. Wakati huo madobi walikuwa wanafulia nyuma ya nyumba kwa maji ya kubeba, na kila ndoo iliyoinuliwa jina la Bi Kola lilitajwa.

Bwana Futi alipoleta nguo tena, pindo zikiwa zimesuguliwa kama kawaida, wifi yangu alivunja mwiko wa madobi mbele ya macho yangu.

"Baba, kuanzia leo usizifue. Ziletwe na uchafu wake."

"Mama, naona aibu."

"Aibu weka mfukoni. Suruali weka hapa."

Basi suruali ya Bwana Futi ikawa gazeti letu. Mwanzo ilikuja na tope jeusi. Halafu vumbi la kokoto. Wiki moja ikaja na udongo mwekundu mtupu, na udongo mwekundu ni wa kule juu kwenye bembea. Bi Kola aliiweka chini hakula chakula cha mchana. "Kona ameiacha," akasema, na Kipara, ambaye alikuwa amezoea kupita "kusalimia tu" kila siku ya nguo, akasema, "Si niliwaambia?" Wiki iliyofuata suruali iliingia chumbani kabla ya mwenyewe: saruji ilikuwa imeshika mpaka magotini, ukiisimamisha inasimama bila mtu ndani. Nililazimika kukata pindo zote mbili na kushona mpya. Kipande kimoja Bi Kola alikitundika kwenye msumari juu ya meza ya pasi, kama wengine wanavyotundika picha ya harusi.

Mabati yalipotolewa, vibao vilikuwepo. Paa lilikuwepo, na waya mpya zinametameta. Kipara na wenzake walifika mapema na mabeseni, wanatazama juu kama watu wanaosubiri ndege. Hakuna aliyeomba radhi, na Bi Kola hakungoja. Alimwaga ndoo ya maji kwenye mfereji, akaufuata mfereji kwa miguu hadi mwisho kuhakikisha maji yanakokwenda. Akarudi. Akapitisha kiganja kwenye kila kibao. Kisha akamwendea Bwana Futi, aliyekuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya siku ile, akamgeuza kola.

"Hii umefua mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Inaonekana. Ivue, nikufulie."

Likawa shati la kwanza kufuliwa pale.

Waya zake za zamani hakuzitupa. Ziko uvunguni mwa kitanda, kazipaka mafuta zisishike kutu. Nilimuuliza za nini tena, na kule kuna mpya.

"Za siku watakapokuja kubadilisha ule ubao wa darajani," akanijibu, akaongeza mkaa kwenye pasi.