Mbwa Watatu wa Baba

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake na mbwa watatu kwenye nyumba yetu, chini ya milima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mombo. Niliomba likizo ya wiki moja kazini Tanga nikaenda kumtazama. Asubuhi ya pili nilimkuta anafunga viatu vyake vya matairi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naenda kwenye mizinga ya nyuki."

"Twende wote."

Aliwapigia mbwa mluzi, nami nikabeba dumu la maji.

Kule juu Lushoto watu wanavaa masweta, lakini mteremko wa kwetu mvua inaupita tu. Njia ya mizinga ni mawe, minyaa na migunga, na saa nne asubuhi kisogo changu kilikuwa kinaungua. Baba alitangulia. Njia nzima alizungumza na mbwa: huyu aache kufukuza kanga, yule aangalie nyoka. Nilimuuliza kama anameza dawa zake za presha.

"Nameza," akasema, na hilo likawa neno lake pekee kwangu mpaka tulipofika.

Nilimmiminia maji kwenye kikombe. Aliyageuzia kwenye kifuniko cha sufuria alichokuja nacho mfukoni, akamwekea kwanza mbwa jike mweusi, ambaye alikuwa mzee kuliko wenzake. Mizinga miwili ilikuwa mitupu, nyuki wamehama. Akaigonga kwa fimbo, akasikiliza, tukageuka kurudi.

Tulipokuwa tunateremka, yule jike alilia na kuinua mguu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama katikati ya vidole. Baba alipiga magoti kwenye kokoto, akampakata, akaung'oa mwiba kwa meno.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Pole sana. Umeshatoka."

Kisha akamweka mabegani, mzee wa miaka sabini na kitu, akaanza kuteremka naye polepole.

Nikasimama. Nilikuwa darasa la tatu nilipochomwa mwiba kama huo, kwenye njia hiyo hiyo, nikiwa naye. Ulivunjikia ndani. Nililia, akaniambia mguu ni wangu, nitembee nao. Nilitembea mpaka nyumbani. Mama aliukanda kwa maji ya chumvi siku nne, kisha akanipeleka kupasuliwa. Mpaka leo kidole kimoja hakikunjiki.

"Baba," nikamwita. "Unakumbuka mguu wangu?"

"Mguu gani?"

Nikamkumbusha yote, hata lile neno alilosema. Alinisikiliza bila kumtua mbwa.

"Sasa ulikufa?"

"Sikufa."

"Wewe ulikuwa na mama yako. Huyu ana nani?"

Mama alikuwa nyumbani siku ile. Aliyekuwa nami njiani ni baba. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshaendelea kushuka, na wale mbwa wawili wakanipita wakamfuata.

Jioni nilipika maini niliyokuwa nimenunua Mombo kwa ajili yake. Alikula vipande viwili vitatu, mengine akayakata vidogo vidogo, akatoka nayo uani. Nilimsikia akimbembeleza jike ale. Niliosha vyombo, nikapanga nguo zangu kwenye begi. Zilikuwa zimebaki siku tano za likizo.

Asubuhi nilimuaga. Alisema, "Haya, safari njema," akarudi kumfunga mbwa kitambaa.

Nikiwa stendi, nikisubiri basi, shangazi alinipigia simu kuuliza kulikoni, mbona mapema hivi. Nikamwambia nimeitwa kazini. Akasema ameshaongea na baba, na baba amemwambia binti yake alikuja kumsalimia, ila jua la huku limemshinda.

Nikasema ni kweli, jua lilikuwa kali.